Mdada wa Sambusa Katoro, Titanic na Daftari la Madeni

Pale Katoro, mkoani Geita, kuna mdada anauza sambusa na chapati jirani na maduara ya dhahabu. Ukitaka kumkasirisha usihangaike kumwambia sambusa zake zina nyama kidogo. Hilo analijua, nyama imepanda bei na wateja wake wengi wanakula kwa mkopo. Mwambie tu Titanic ndiyo muvi kali kuliko zote zilizowahi kutoka. Ataweka kijiko chini, atajifuta mikono kwenye khanga, na waliopanga foleni itabidi wawe wapole.

Na wala sio ule ubishi mnaoujua. Ule wa ubao, kwamba Rose angesogea kidogo Jack naye apande, huo hana muda nao. Anasema maji yalikuwa ya barafu, na mtu anayetetemeka hapigi hesabu za ubao. Kinachomuuma ni mwisho wa picha. Rose ameshakuwa bibi kizee, ile almasi ya bluu anayo miaka yote, kuna jamaa wamehangaika miaka mitatu kuitafuta chini ya bahari, halafu usiku bibi anapanda kwenye ukingo wa meli peku peku na kuiachia majini. Chubwi!

"Yaani kaitupa," anasema, "na watu wamekesha wanaitafuta."

Sasa we fikiria. Huyu ni mtu aliyezaliwa Shinyanga mjini, na Shinyanga kwenda Mwadui si safari ya kubeba begi. Mwadui ndiko Mkanada John Williamson alikogundua almasi mwaka 1940, na mwaka 1947 mgodi huo ukatoa jiwe la pinki la karati 54.5 ambalo alizawadiwa Princess Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Likakatwa, likawekwa kwenye bruchi. Mdada hiyo stori anayo kichwani na huwa anaimalizia hivi: hata Malkia hakuitupa, aliivaa. Halafu leo anaishi Geita, ambako watu wanarudia kusaga mchanga ulioshasagwa na kuchenjuliwa, yale wanayoita marudio, ili wapate punje zilizobaki. Ukamwelezee mtu wa namna hiyo kwamba Rose alitupa almasi kwa sababu ya mapenzi. Labda uanze kwa kulipa deni lako kwanza.

Huko kuangalia muvi alianzia kwenye kibanda umiza. Mabanzi, turubai, mabenchi yanayochoma, TV moja ya kichogo juu ya meza na feni isiyofanya kazi. Watoto wa kike hawakutakiwa pale, mama yake angejua angemchapa, kwa hiyo alikuwa anaenda na binamu yake wa kiume na kukaa karibu na mlango ili akisikia sauti ya mama akimbie. Huko ndiko alikoiona Commando ya mwaka 1985, Arnold Schwarzenegger anaingia kisiwani peke yake kumfuata binti yake na kumaliza jeshi zima. Huko ndiko alikoisikia sauti ya Lufufu, yule mkongwe wa kutafsiri mikanda, aliyekuwa haishii kwenye kutafsiri, na lake anaongezea. Kuna muvi mdada anaapa ilikuwa nzuri sana mpaka alipokuja kuiona ukubwani bila tafsiri, akakuta ni ya kawaida tu. Utamu wote ulikuwa wa Lufufu.

Na sheria ya kibanda umiza kila mtu anaijua: stelingi hafi. Apigwe risasi, adondoke kwenye maporomoko, nyumba ilipuke naye akiwa ndani, tulia, atarudi. Ukiona mtu anaanza kusikitika mapema unajua ni mgeni, kaja na lori jana.

Ndiyo maana mdada ana kisirani na Leonardo DiCaprio. Yule jamaa kavunja sheria mara mbili. Kafa Titanic, akaja kufa tena kwenye Blood Diamond ya 2006. "Huyo mkimuona kwenye muvi msikope chakula," aliwahi kuwaambia wateja, "hamna uhakika wa kesho."

Lakini kabla ya DiCaprio kulikuwa na Kanumba. Hapa inabidi mtu awe mpole kidogo, maana Steven Kanumba ni mtoto wa Shinyanga, kazaliwa pale Januari 1984, na kwa mama yake mdada ilikuwa kama ana mtoto mwingine Dar es Salaam ambaye hapigi simu. DVD zake zilikaa kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Part One inaisha kisu kiko hewani, halafu wiki nzima nyumba haina amani mpaka ipatikane hela ya Part Two. Kanumba alipofariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28 tu, mdada alikuwa sekondari. Siku ya kumuaga pale Leaders Club majirani walijaa sebuleni mpaka mlangoni, wanaangalia kwenye TV, na mama alikaa chini kwenye mkeka kama aliyefiwa kweli. Kiukweli alikuwa amefiwa.

Pamoja na heshima hiyo yote, mdada ana malalamiko yake. Anasema Kanumba alikuwa mtamu akiwekwa na watoto, kama kwenye Uncle JJ, maana mtoto hakuachii ujifanye. Bongo muvi kwa ujumla anaziona zimejaa masofa. Mtu anashuka ngazi dakika tatu. Mtu anamimina juisi, kamera inaiangalia juisi. Nyumba kubwa, geti linafunguliwa na mlinzi, gari linaingia, gari linapaki, mwenye gari anashuka, anafunga mlango, na bado hajasema chochote. Na katika zote alizoziona, mtoto wa Shinyanga akiwa ndiye stelingi, hajakutana na hata moja yenye duara ndani yake. Kijana akitajirika anatajirika na biashara isiyotajwa. "Hela zinatoka wapi?" huwa anauliza. Swali zuri hilo, na halijapata majibu mpaka leo.

Katoro alifika kumfuata mdogo wake. Dogo alimaliza darasa la saba, akakaa nyumbani mwaka, akasikia kuna rashi huko Geita, siku moja asubuhi begi halipo. Mama akamtuma dada mtu akamrudishe. Dada akaenda, akamkuta dogo anabeba viroba vya mawe kutoka duara hadi kwenye karasha, kakomaa mikono, anacheka, ana simu mpya. Akagoma kurudi. Dada akasema atakaa wiki mbili amshawishi. Wiki mbili zikawa miaka sita na karai la mafuta.

Kibanda umiza kipo Katoro pia, lakini siku hizi kinaishi kwa mpira. Muvi watu wanajaza kwenye flashi. Unaenda kwa kijana mwenye kompyuta, buku moja unaondoka na muvi za kutosha wiki nzima, yeye ndiye anakuchagulia kama hujui. Jioni kazi ikiisha, TV ndogo ya sola inawashwa kwenye kibanda cha mdada na wachimbaji wanakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Hapo ndipo utajua kwamba Hollywood ina wakaguzi wa madini isiowajua.

Blood Diamond ilipita kwa shida. Waliikubali sehemu ya mtoni, Djimon Hounsou anavyochekecha mchanga na kulipata jiwe la pinki na kulibana kwenye vidole vya mguu. Mzee mmoja akasema huyo kafundishwa na mtu anayejua. Black Panther ya 2018 haikupita kabisa. Mgodi wa vibranium wote ule, treni zinapita, na hakuna mtu hata mmoja mwenye vumbi kwenye nyusi! Dogo akasema hiyo sio Wakanda, hiyo ni hospitali.

Iliyowanyamazisha ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, mwaka 1948. The Treasure of the Sierra Madre. Kijana wa flashi aliiweka kwa bahati mbaya, alifikiri ni ya wacheza ng'ombe. Wanaume watatu wanaenda milimani Meksiko kutafuta dhahabu, wawili vijana na mzee mmoja anayejua kazi. Mwanzo ni washikaji. Dhahabu inapoanza kuonekana wanaanza kugawana kila jioni, kila mtu anaficha yake, usiku hakuna anayelala vizuri, na Humphrey Bogart anaanza kuongea peke yake. Wachimbaji wa Katoro walikuwa wanaitikia kama wako kanisani. Kila mmoja ana mtu wake aliyewahi kumuona akiongea peke yake.

Kuna kipande yule mzee anagoma kuondoka mpaka wafukie walipochimba, anasema mlima umewapa kitu na wao wameujeruhi, waurudishe ulivyokuwa. Hapo kibanda kizima kilicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Kufukia duara! Wanaojua maeneo yale wanajua mashimo yaliyoachwa wazi mpaka ng'ombe wanatumbukia. Mwisho wa muvi majambazi wanapora mizigo, wanadhani ule unga wa dhahabu ni mchanga tu, wanaumwaga, upepo unaubeba wote. Na mzee anaangua kicheko. Hakuna aliyecheka naye. Mdada peke yake ndiye aliyesema afadhali huyo, maana yeye upepo umemwibia, hakutupa kwa mkono wake kama yule bibi.

Sasa The 33.

Dogo ndiye aliyeileta, kaambiwa ni ya wachimbaji. Ni muvi ya 2015, imeongozwa na mwanamama Patricia Riggen, na ni tukio la kweli: Agosti 5, 2010 mgodi wa San José huko Chile uliporomoka na kuwafungia watu 33, mita kama 700 chini ya ardhi. Siku ya 17 ndipo walipopatikana, kwa kikaratasi walichokifunga kwenye chuma cha kutobolea mwamba. Walitolewa siku ya 69, mmoja mmoja, kwenye kidude chembamba kama bomba. Antonio Banderas anacheza kama kiongozi wao huko chini, anagawa samaki wa kopo kwa kijiko.

Muvi haikuwa na tafsiri. Aliyekuwa anatafsiri ni mchimbaji mmoja aliyefika kidato cha nne, na alikuwa anatafsiri anachokisikia na anachokitaka. Kuna muda Banderas anaongea dakika nzima jamaa akasema, "Anasema mambo ni magumu." Sawa, ilitosha.

Wanaume wote macho yao yalikuwa chini, kwa Banderas. Wanakagua. Wakasema matimba hayakuwekwa. Wakasema gari kuingia mgodini mpaka chini hiyo ni anasa. Walipoona kuna chumba cha kujihifadhi chenye akiba ya chakula cha siku tatu, kibanda kikazomea. Kuna mtu aliuliza kama na friji ipo.

Mdada yeye macho yake yalikuwa juu. Kwa sababu juu, getini, kuna dada mmoja ana kaka yake huko chini, na kazi ya huyo dada ni kuuza empanada. Mcheza ni Mfaransa, Juliette Binoche. Na empanada kama huijui, ni sambusa. Ya Kichile, kubwa kidogo, imekunjwa nusu mwezi, lakini nyama ndani, unga nje, hiyo ni sambusa hata ukiipa pasipoti. Huyo dada anauza sambusa, kaka yake yuko ardhini, anafika getini na hakuna anayemwambia kitu. Waziri anatokea na suti, anampiga kofi.

Mdada hakusema neno. Na huyu sio mtu wa kukosa neno.

Miaka yote hiyo, kuanzia Commando mpaka hapo, wote aliokuwa anawaona kwenye muvi za hatari ni wanaoingia. Anayebaki nje anaonyeshwa mara moja, ana machozi, kamera inaondoka. Hii muvi iliwaacha wanaosubiri wakae na kusubiri. Wanapika, wanagombana na walinzi, wanaweka mahema, usiku wanaota moto. Ina makosa yake, muziki unakulazimisha kulia na Wachile wote wanaongea Kiingereza cha kubana pua, lakini mtu aliyewahi kukaa mdomoni mwa duara akisubiri kamba itingishike anajua ni nini alichokiona. Kuna na kipande wale wa chini wanakula tonge la mwisho na njaa inawaonyesha meza kubwa, na wake zao na mama zao wanawaletea vyakula wanavyovipenda. Wanaume kwenye ndoo waliona aibu kuangaliana.

Kule Chile ndugu walipandisha bendera 33 kilimani. Za Chile 32 na ya Bolivia moja, maana mmoja wao alikuwa Mbolivia. Jamaa wa kidato cha nne aliwahi kusoma hiyo sehemu mahali, akawaeleza.

Hapo ndipo dogo alipouliza. Hakuuliza kwa uchungu, alikuwa anachokonoa meno tu.

"Sisi leo tumeshuka wangapi?"

Mmoja akasema tisa. Mwingine akasema wewe, kumi na moja, umewasahau wale wa Kigoma. Msimamizi angejua? Msimamizi anahesabu viroba, watu hahesabu. Mwenye duara yuko Mwanza. Wengine wanajulikana kwa majina ya utani tu, ukimpigia ndugu yake useme Mzee wa Kazi kafukiwa atakuuliza ni nani huyo.

"Si umuulize dada," mtu akasema. "Yeye ndiye anatudai, anatujua wote."

Wakacheka. Mdada akanyoosha mkono, akachukua daftari la madeni juu ya debe la unga, akafungua ukurasa wa siku ile. Asubuhi walikopa watu wanane. Akawasoma. Kisha akawaangalia na kuuliza waliolipa taslimu ni akina nani. Hakuna aliyekumbuka.

Kwa wasiofahamu, au mliokuwa wadogo. Mwanzoni mwa Oktoba 2015, kwenye machimbo ya Nyangalata huko Kahama, mkoani Shinyanga, duara lilititia na kuwafungia wachimbaji. Msako ukafika mwisho, watu wakaamini wamekufa. Siku ya 41 wakasikika. Watano walitolewa wakiwa hai katikati ya Novemba, mwenzao wa sita alifia huko chini. Walikula mende na vyura, wakanywa maji yanayodondoka kwenye mwamba. Siku 41! Na The 33 iliingia kwenye kumbi za sinema za Marekani Novemba 13, 2015. Yaani siku hizo hizo. Watu wa Los Angeles wananunua tiketi na bisi kwenda kumuangalia Banderas akitoka ardhini, na Kahama watu wanatoka ardhini kweli, wamekonda, wanafunikwa macho wasiumizwe na jua. Januari 2017 ikawa zamu ya Geita, watu 15 wakafukiwa kwenye mgodi mmoja na wote wakatolewa wazima baada ya siku kadhaa. Stori mbili, zote za kwetu, zote za kweli, na masofa ya Bongo muvi bado yanapigwa picha.

Mdada alikuwa anaijua ya Nyangalata kama kila mtu wa Shinyanga anavyoijua. Ila usiku ule iliingia upya. Kitu kilichomkaa sio mende. Ni ile kwamba mahali fulani kuna mtu alitakiwa kujua kwamba bado kuna watu chini, na ni wangapi, na ni akina nani.

Ndipo akakumbuka kitu cha Titanic, akiwa amelala, saa nane usiku. Jack alipata tiketi kwa kucheza karata. Kapanda kwa tiketi ya mtu mwingine. Ndiyo maana Rose akiwa bibi, wale wataalamu wanamwambia hawajaona popote jina la Jack, hakuna rekodi yake hata moja. Mtu amekufa na hakuna karatasi duniani inayosema alikuwepo. Asubuhi mdada aliwaambia wateja kwamba ile muvi ina kitu kimoja cha maana na wote hamjawahi kukiona, mmebaki na ubao. Almasi bado hajaisamehe.

Kuanzia siku hiyo akaanza kuandika wote. Mkopo na taslimu. Tatizo likaja kwa wa taslimu, mtu anauliza, "Dada, nimeshakulipa, jina langu la nini?" Akabuni ujanja: ukiandikwa mara tisa, sambusa ya kumi bure. Hapo hata waliokuwa hawana njaa wakaja kuandikwa. Jina la utani anaweka, lakini pembeni analazimisha jina la kweli na namba ya simu ya ndugu. Mtu akipanda juu anapita kibandani, anawekewa alama ya vema. Asiyepita anatumiwa mtoto kumuulizia.

Msimamizi alipopata habari alikuja amekunja sura.

"Wewe dada, unaandika majina ya watu wangu ya nini? Umetumwa na serikali?"

"Hapana kaka. Ni madeni."

"Aah. Madeni." Akachukua sambusa mbili, akaandikwa, akaenda zake.

Mvua za masika zilipoanza, kuna siku maji yaliingia duara la jirani na la kwao yakaanza kuchuruzika. Kelele zikapigwa, kamba zikavutwa, watu wakawa wanatoka wamelowa tope hadi ndani ya masikio. Juu ukaanza ule ubishi: wamebaki wangapi? Mmoja anasema wawili, mwingine anasema hakuna. Mdada alifika na daftari amelikumbatia ndani ya khanga lisilowe, akaanza kuita kama mwalimu wa zamu. Kila anayeitika anapigwa vema. Likabaki jina moja. Halikuwa la dogo. Lakini wakati anageuza ukurasa alikuwa hajui hilo, na wanaosimulia wanasema mkono ulikuwa unatetemeka na sauti haikutetemeka.

Huyo mmoja alipatikana baada ya saa nzima ya watu kurudi kumtafuta kwenye maji. Alikuwa mjini Katoro, kapeleka simu kwa fundi. Alipanda mapema bila kupita kibandani. Alitukanwa siku ile na watu wasiopungua ishirini, na sambusa ya bure alifutiwa.

Ubishi wa muvi unaendelea kama kawaida. Siku hizi wanabishania nani angefaa kucheza muvi ya Nyangalata kama ingetengenezwa. Kuna wanaosema angekuwepo Kanumba asingeshindikana, mtoto wa nyumbani, angekonda kweli. Wengine wanataka mcheza wa kwenye Jua Kali. Dogo anasema wachukuliwe wachimbaji wenyewe, maana mcheza wa Dar akishika sururu utajua tu. Mdada anawasikiliza akikanda unga, anasema nyie bishaneni na wa chini, yeye anataka kujua wa juu atacheza nani, na kama huyo mtu anajua kukunja sambusa au atashikishwa tu kwa ajili ya picha.

Miezi miwili iliyopita dogo aliondoka. Kuna mahali dhahabu imetoka, ndani zaidi, upande wa porini, na wenzake wanne wamekwenda. Dada mtu alikasirika siku mbili, siku ya tatu akampa vocha na masharti. Huko hakuna kibanda wala daftari. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kushuka atume idadi, na akipanda atume tena. Asipotuma, dada anapanda boda kwenda huko na atamtia aibu mbele ya watu wazima.

Anatuma. Hana maneno mengi huyo dogo. "Tuko 6." Jioni, "Tuko 6." Kuna siku alituma "Tuko 9" asubuhi na jioni akatuma "Tuko 8", mdada akapiga simu mara kumi na moja, kumbe mmoja karudi kwao Bariadi kuoa. Zote anaziandika kwenye daftari, ukurasa wa nyuma, na tarehe.

Ya juzi ilisema: "Tuko 14. Kuna muvi mpya?"